Asante kwa Mara ya Mwisho

11 Januari
Leo amenipigia Dagny, mke wa mdogo wangu Eilif. Sijaisikia sauti yake tangu tulipomzika mama, miaka kumi na miwili sasa, na sikuwa nimeikumbuka. Anaongea kama mtu aliyezoea kuwasemesha watu walio kwenye boti nyingine.

"Gunvor, ni wifi yako."

"Wifi yupi?" nikauliza, kana kwamba ninao kumi.

"Wa Skallelv. Unaye mwingine?"

Akanieleza bila kuzunguka. Eilif amebaki na jicho moja, la kulia. La kushoto lilichukuliwa na ndoana ya uvuvi akiwa na miaka tisa. Sasa hilo lililobaki lina uvimbe, na tarehe tano Machi madaktari watalitoa ili kuokoa maisha yake. Ataondoka nyumbani kwa ndege tarehe nne asubuhi.

"Nikamuuliza kuna kitu gani anataka kukiona kabla ya hapo," alisema Dagny. "Nilidhani atasema wajukuu. Akasema Blakka. Anataka kuiona ikitembea kwenye theluji, kama enzi za baba yenu. Halafu akanikataza nisikupigie."

"Na umenipigia."

"Mimi si mtu wa kukatazwa simu, wifi."

Blakka ni pikipiki ya baba, yenye kigari pembeni. Imenizidi umri kwa mwaka mmoja, nami nina miaka sitini na mitatu. Imelala bandani kwangu chini ya turubai. Kutoka hapa Rauland mpaka kwa Eilif ni zaidi ya kilomita elfu mbili, zote za kwenda kaskazini.

12 Januari
Sikulala vizuri. Kahawa vikombe vitano.

14 Januari
Nimeivua turubai. Panya walishajenga kwenye kiti. Jirani yangu Sverre alikuja akasimama mikono mifukoni, akaizunguka mara mbili.

"Hii unaipeleka makumbusho?"

"Varanger, kwa mdogo wangu."

"Kwa lori?"

"Kwa magurudumu yake."

Akatoa mkono mmoja mfukoni, akagonga tangi. "Gunvor, umestaafu, hujafukuzwa duniani. Kuna ndege."

Sikumweleza, ila hapa nitaandika. Siku ya mazishi, tukiwa mezani na kahawa na mikate, Eilif alisema mbele ya ukoo mzima kwamba baba alikosea kuniachia mimi Blakka. Alisema nitaifunika turubai mpaka ioze, na kwamba sijawahi kuiendesha kupita duka la ushirika. Duka la ushirika liko kilomita nne kutoka kwangu. Nikiifikisha Skallelv juu ya lori, nitakuwa nimesafiri nchi nzima kwenda kumthibitishia kwamba alisema kweli.

Ubaya ni kwamba alisema kweli.

25 Januari
Kabureta, plagi, breki, nyaya. Sverre analeta vifaa na kukosoa. Mikono yangu inanuka petroli hata baada ya kuoga.

2 Februari
Leo nimeitafuta ile kadi. Iko kwenye droo ya vijiko, mahali nilipoitupa. Eilif aliituma Krismasi ileile baada ya mazishi. Mbele ina picha ya kanisa, ndani imeandikwa: "Asante kwa mara ya mwisho. Eilif." Basi.

Kwetu kila mtu husema hivyo. Ukikutana na mtu, hata kama mlionana miaka mitano iliyopita, unamshukuru kwanza kwa mara ile ya mwisho, ndipo mnaendelea. Asiyesema huonekana hana malezi. Lakini neno hilohilo husemwa pia na mtu anayelipiza. Umempiga mwenzako ngumi Jumamosi, wiki inayofuata anakurudishia, na huku anakurudishia anakwambia asante kwa mara ya mwisho. Kwa jinsi tulivyoachana siku ile, sikuhitaji mtu wa kunifafanulia Eilif alikuwa na maana ipi. Sikujibu kadi. Yeye hakutuma nyingine.

Sasa ninakwenda kwake, na nitakapovua helmeti lazima niseme kitu. Sijui nitaanzaje.

9 Februari
Imewaka. Nimepita duka la ushirika, nikaenda mbele kilomita thelathini, nikarudi. Muuza duka alitoka nje kuangalia.

16 Februari
Nimeondoka saa mbili asubuhi, nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Nimevaa suruali mbili za sufu, fulana tatu, magazeti kifuani, na suti yangu ya kazi ya zamani juu. Kwenye kiti nimetandika ngozi ya kulungu wa kaskazini. Kigarini kuna hema, jiko la mafuta, vipuri, helmeti ya baba, jibini la kahawia, paja la kondoo lililokaushwa, na mfuko wa mchanga wa kilo arobaini ili kigari kisinyanyuke kwenye kona. Matairi yana misumari. Mwendo wetu ni kilomita hamsini kwa saa. Malori yananipita yakinimwagia theluji ya unga usoni.

Sverre alinipa mkono. "Usife kwa ukaidi," alisema.

17 Februari
Dombås, wilayani Dovre, nyuzi ishirini na nne chini. Oili imekuwa nzito kama uji. Nimewasha jiko la mafuta chini ya injini nikangoja saa nzima ndipo ikakubali. Vidole vya mguu wa kushoto havijarudi bado.

Dagny amepiga. "Uko wapi?"

"Dombås."

"Bado Dombås? Ungekuwa samaki ungeshaoza."

Simpendi mwanamke huyu.

18 Februari
Trondheim. Mvua. Ni mbaya kuliko baridi.

19 Februari
Grong. Kila kitu kimelowa, mpaka daftari hili.

20 Februari
Kabureta iliganda mara mbili kabla ya Mosjøen. Mara ya pili niliikumbatia. Nilipiga magoti kwenye theluji pembeni ya barabara nikaizungushia mikono na koti, nikakaa hivyo dakika ishirini. Mama mmoja alisimamisha gari akauliza kama nimefiwa. Nikamwambia bado. Akaniachia maandazi mawili ya iliki, akaenda zake. Nilikula la kwanza nikiwa na glovu, nikala sufu kidogo.

22 Februari
Nimevuka mlima wa Saltfjellet na upepo ulikuwa mdogo. Kizuizi kilikuwa wazi. Nilikipita nikikitazama, maana ninavijua vizuizi. Miaka ishirini na miwili niliendesha greda la theluji kwenye mlima wa Haukeli. Upepo ukizidi, magari hungoja kwenye kizuizi mpaka yatoshe msafara, kisha greda hutangulia, mengine yakafuata taa zake, na gari jingine likafunga mkia. Mimi ndiye niliyekuwa nikitembea kando ya foleni nikisema wewe twende, wewe baki. Watu wa pikipiki wote niliwaambia wabaki.

Dagny: "Leo?"

"Fauske."

"Anaulizauliza kwa nini ninashika simu sana. Nimemwambia nina mpenzi."

Nilicheka peke yangu chumbani. Midomo imepasuka, kucheka kunauma.

24 Februari
Feri ya Bognes, kisha Narvik. Kwenye feri nilisinzia nimeegemea injini kwa sababu bado ilikuwa na joto. Nimekula soseji iliyoviringishwa kwenye chapati ya viazi, kama jana na juzi. Nikifika nyumbani sitaki kuiona tena.

25 Februari
Barafu tupu. Kilomita mia na themanini, na nimezihisi zote mabegani.

26 Februari
Nimechoka. Sina jingine la kuandika.

27 Februari
Alta mpaka Lakselv. Dagny leo hakunitania. Alisema Eilif anaona katikati tu sasa, pembeni kumeingia giza, na asubuhi alimwaga kahawa kando ya kikombe akafuta mwenyewe. "Alifuta meza yote," alisema, "hata pale ambapo hapakuwa na kahawa." Nilitaka kumwambia kitu kizuri, nikamwambia kesho nitakuwa Ifjord.

"Haya," alisema. "Kula vizuri, wifi."

28 Februari
Ifjord. Kizuizi kimefungwa. Mlima hauonekani. Nipo kwenye nyumba ya wageni pamoja na madereva sita na mbwa mmoja.

1 Machi
Kimefungwa. Nimebakiwa na kilomita mia na tisini hivi, na siku mbili. Madereva wanacheza karata. Mmoja wao, Hjalmar, mnene, mpole, anakwenda na lori tupu kuchukua samaki. Aliniuliza ninampelekea nani pikipiki ya aina hii katika hali ya hewa ya aina hii. Nikamwambia mdogo wangu.

"Lazima mnapendana sana," alisema.

Nikasema ndiyo, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa refu.

Jibu la kweli ni hili, na ninaliandika kwa kuwa sina pa kukimbilia. Siku ile ya mazishi, Eilif aliposema maneno ya duka la ushirika, watu walicheka. Nikasimama. Nikasema, "Na wewe mwenye jicho moja ungeipeleka wapi? Mtaroni?" Hakuna aliyecheka. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kasia kwenye boti siku ile ndoana ilipomwingia, nilikuwa na miaka kumi na miwili, na yeye katika maisha yake yote hakuwahi kunitajia jicho hilo. Nikamtajia mimi, mbele ya ukoo mzima, kaburi la mama hata halijakauka. Eilif aliweka kikombe mezani taratibu, akachukua koti, wakaondoka na Dagny bila kuaga.

Kwa hiyo kadi ilipokuja nilijua nimestahili. Miaka kumi na miwili nimeishi nikingoja anilipize, na badala yake umekuja ugonjwa huu kumwadhibu yeye.

2 Machi
Saa nne asubuhi walisema msafara mmoja utavuka, magari kumi na mawili. Baada ya hapo watafunga, na wanaona hakutafunguliwa kabla ya tarehe tano. Nikaiwasha Blakka, nikajipanga wa mwisho.

Msimamizi wa kizuizi anaitwa Aslak, kijana wa miaka thelathini hivi, barafu kwenye ndevu. Alitembea kando ya foleni akisema wewe twende, wewe twende. Alipofika kwangu akasimama. Nilijua kabla hajafungua mdomo, maana nilisimama vivyo hivyo mimi, mguu mmoja mbele, nikitafuta sauti isiyoudhi.

"Mama, pikipiki hapana."

"Ina magurudumu matatu."

"Hata ingekuwa na saba. Kule juu sioni boneti yangu mwenyewe. Ukizima katikati, wa nyuma atakukanyaga bila kujua amekanyaga nini."

"Nimeendesha greda Haukeli miaka ishirini na miwili," nikamwambia.

Akaniangalia kwa heshima, masikini. "Basi niambie wewe, mama. Ungeniruhusu?"

Miaka fulani nyuma alikuja mzee mmoja Mjerumani na pikipiki kama hii pale Haukeli. Alisema anakwenda kwa binti yake, harusi ni kesho. Nikamwambia baki. Alivua helmeti akalia mbele ya magari yote, na mimi nikawaza, mtu mzima analilia mlima. Nikapanda gredani nikaenda. Sijui kama aliiwahi harusi. Sijawahi kujiuliza mpaka leo.

"Nisingekuruhusu," nikamwambia Aslak.

Hjalmar alikuwa ameshuka, anasikiliza. "Lori langu halina kitu," alisema. "Mbao za kupandishia ninazo. Kilomita arobaini tu, nakushusha upande wa Tana. Nani atajua?"

"Mimi," nikasema.

"Wewe utanyamaza."

Aslak alitazama saa. Magari yalikuwa yananguruma. Nilisimama na mkono juu ya tangi, nikiisikia petroli inavyocheza ndani, na nikawaza kilomita zote zile, magoti yale kwenye theluji, vidole ambavyo mpaka sasa sivihisi. Kisha nikawaza meza ikifutwa mahali pasipo na kahawa. Mimi ninaweza kuaibika hata nikiwa na miaka themanini. Yeye ana mpaka keshokutwa.

Tukaipandisha. Nilipanda mbele na Hjalmar, tukafuata taa za greda, weupe mtupu pande zote, na nikalia kama yule Mjerumani. Hjalmar alifungua redio, akaongeza sauti kidogo, hakunitazama mpaka Tana.

3 Machi
Nyuzi kumi na tisa chini, anga safi kabisa. Nilimpigia Dagny asubuhi: "Saa nane mchana mtoe nje."

"Kwa sababu gani? Atauliza."

"Mwambie akachukue barua."

"Leo hakuna barua, wifi."

"Basi gombana naye."

"Hilo naliweza," alisema, na sauti yake ilikuwa imelowa.

Kutoka Tana barabara inafuata ukingo wa bahari muda wote. Upepo wa ubavuni ulikisukuma kigari na mikono ikafa ganzi mpaka nikawa nabana klachi kwa kukisia tu, bila kuihisi. Saa nane na dakika kumi nikaona masanduku ya barua ya Skallelv na mtu amesimama hapo ndani ya suti ya rangi ya chungwa ya wavuvi. Amezeeka. Amefanana na baba hadi nikaachia mpini wa mafuta bila kukusudia.

Alikuwa amesikia kabla ya kuona. Alikuwa ameshainua kichwa.

Sikusimama. Nilikuwa nimepanga hivyo tangu Lakselv, tangu Dagny aliposema anaona katikati tu. Nikapita mbele yake polepole katikati ya barabara, theluji ikiruka nyuma, nikageuza mbele ya banda la boti, nikarudi, nikageuza, nikapita mara ya tatu. Kila nilipopita aligeuka mwili mzima kunifuata, kwa sababu jicho peke yake halitoshi tena. Mara ya tatu alikuwa amevua kofia, sijui kwa nini. Dagny alikuwa dirishani na kitambaa cha vyombo mdomoni.

Nikazima. Nikavua helmeti, ikatoka na nywele kadhaa zilizogandia. Midomo haikufunguka vizuri kwa baridi.

"Imebebwa," nikasema. "Mlima wa Ifjord. Juu ya lori la samaki."

Eilif aliizunguka Blakka akiigusa, taa, tangi, kigari. Aliinama akanusa.

"Kweli inanuka samaki," alisema. "Na pale Bognes ulivukaje, dada? Ulitembea juu ya maji?"

Sikuwa nimefikiria hata mara moja kwamba feri nayo iliibeba. Nilianza kucheka, midomo ikapasuka upya, damu ikadondokea kwenye glovu. Ndipo akasema:

"Asante kwa mara ya mwisho."

Nikamtazama usoni nione ana maana ipi. Alikuwa anatabasamu na jicho linatiririka machozi kwa baridi, au kwa kingine. Nikajishughulisha na mkanda wa helmeti.

Jioni tulikula mchuzi wa samaki. Nikasema nilichokuja kukisema, kuhusu jicho na mtaro, na kuhusu kasia. Eilif alisema kasia halikuwa na kosa, ndoana alirusha mwenyewe. Kisha akauliza, "Mbona hukujibu kadi yangu?"

"Nilidhani unaniambia utanilipiza."

Akaweka kijiko chini. "Nilikuwa nakusalimia," alisema. "Ya kwanza ilikuwa ndefu. Nilikuomba radhi kwa yale ya duka la ushirika."

"Iko wapi hiyo?"

Dagny alikuwa amesimama kwenye sinki, ametugeuzia mgongo. "Mimi nilimwambia afupishe," alisema. "Nilisema dada yako hapendi maneno mengi."

Tulikaa hivyo, wazee watatu, sufuria katikati. Kisha Dagny akaja akaniongezea viazi ambavyo sikuomba, vinne, na akaniwekea mkono begani mpaka nilipovimaliza.

4 Machi
Wameondoka asubuhi. Mimi nimebaki kulisha mbwa wao. Eilif aliomba Blakka iwashwe uani na mimi nikae juu yake, nisifanye chochote. Alisimama mlangoni akaangalia mpaka dereva wa teksi akapiga honi, na akaangalia tena.

5 Machi
Dagny amepiga. Imekwisha salama.

6 Machi
Theluji.

8 Machi
Theluji. Nimesafisha kigari, nimetoa mfuko wa mchanga.

11 Machi
Leo wamerudi. Dagny aliniambia niende uwanja wa ndege wa Vadsø na gari lao. Nilikwenda na Blakka. Aliponiona alisema nimepungukiwa akili, kisha akauliza kama ngozi ya kulungu nimeileta, maana mgonjwa asikae pabaridi. Yeye atafuata kwa basi.

Eilif alitoka ameshikwa mkono, bandeji kichwani. Alikuwa amedhoofika. Nilikuwa nawaza namna ya kumjulisha kwamba nipo. Alisimama hatua mbili mbele yangu akavuta pumzi, akasikia harufu ya petroli.

"Asante kwa mara ya mwisho," alisema.

Safari hii sikumtafuta usoni. Nikamwambia nami namshukuru vilevile. Nikamvalisha helmeti ya baba juu ya bandeji taratibu, nikamkalisha kigarini, nikamfunika ngozi mpaka kidevuni. Njia nzima aliniambia plagi ya kushoto inachelewa.